Furu: Ushahidi Tulioula kwa Ugali

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Sengerema, kulikuwa na samaki wa kununua na samaki wa kujitafutia. Sato alinunuliwa. Kamongo alinunuliwa, kwa wale wanaomla. Furu hakununuliwa. Furu alikuwa samaki wa watoto: unachukua kijiti, uzi, ndoano na chambo cha mnyoo, unakaa juu ya jiwe, na kabla jua halijawa kali unarudi nyumbani na kindoo kizima. Samaki wadogo, urefu wa kiganja, miba mingi, nyama kidogo. Bibi aliwachemsha kwa nyanya na chumvi, tukala na ugali wa udaga, na mgeni akitokea ghafla sufuria ilifunikwa. Mgeni hapewi furu.

Lakini bibi alikuwa na kanuni moja. "Mjukuu wangu, usinichanganyie." Furu wa kwenye mawe walikuwa na beseni lao, furu wa kwenye tope beseni lao. Wa tope, alisema, mchuzi wao una ladha ya matope hata ufanyeje. Na yule mwenye domo kubwa alimtenga pembeni kwa ajili ya babu. Mimi nilimwona anajisumbua tu. Samaki wote wale si furu?

Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kujua kwamba bibi alikuwa anafanya, kwa beseni mbili na jicho lake, kazi iliyowatoa watu Ulaya na kuwaleta Mwanza na darubini. Na ilinichukua muda mrefu zaidi kukubali jambo la pili: kwamba samaki wale, tuliowaonea aibu mbele ya wageni, ni miongoni mwa ushahidi bora duniani wa namna spishi mpya zinavyotokea. Ushahidi huo ulikuwa kwenye sufuria yetu. Tuliula.

Ndege wa mbali

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha nne. Mwalimu wetu wa baiolojia, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, alichora ubaoni vichwa vinne vya ndege. Mdomo mnene, mdomo mwembamba, mdomo mrefu, mdomo mfupi. Hawa, alisema, ni ndege wa visiwa vya Galápagos, huko Bahari ya Pasifiki. Darwin aliwaona mwaka 1835. Babu yao alikuwa mmoja, wakatawanyika visiwani, kila kundi likabadilika kulingana na chakula chake. Kisha akatueleza habari za nondo wa Manchester waliokuwa weusi enzi za moshi wa viwanda. Tukanakili. Akamaliza kwa sentensi ambayo wengi wetu tunaikumbuka: "Si lazima uamini, lakini lazima uandike kwenye mtihani."

Simlaumu. Alifundisha kilichokuwa kwenye kitabu. Ila ukikaa dawati la dirishani pale darasani uliliona ziwa. Na ndani ya ziwa lile kulikuwa na, au tayari kulikuwa hakuna, samaki ambao kama mwalimu angewachora vichwa vyao ubao usingetosha. Ndege wa Galápagos hawafiki spishi ishirini. Furu wa Ziwa Victoria wanakadiriwa kuwa zaidi ya spishi mia tano.

Na kuna jambo jingine ambalo darasani hatukulijua. Tarehe 1 Julai 1858, mbele ya jumuiya moja ya wanasayansi mjini London, yalisomwa kwa mara ya kwanza maandishi ya Darwin na Alfred Russel Wallace juu ya uteuzi asilia. Tarehe 3 Agosti mwaka huohuo, John Hanning Speke alisimama karibu na ilipo Mwanza ya leo, akatazama maji, akayapa jina la malkia wake. Mwezi mmoja na siku mbili. Wazo na ushahidi wake vilikaribia kugongana mlangoni, vikapishana. Speke alikuwa anatafuta chanzo cha Nile. Wenyeji waliokuwa wakivua ufukweni pale, bila shaka wakiwa na furu kwenye nyungu zao, hakuna aliyewauliza habari za samaki.

Ziwa lililokauka

Darwin aliamini kwamba spishi mpya hutokea polepole mno, kiasi kwamba mwanadamu hawezi kuona kazi ikiendelea. Huona matokeo tu. Ndiyo maana furu waliwachanganya wataalamu kwa muda mrefu. Samaki mia tano wa namna mbalimbali ndani ya ziwa moja lazima walihitaji muda mrefu sana, watu walidhani. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambayo nayo yana samaki wa ukoo huu, ni ya kale mno na yana kina cha kutisha. Kumbe Victoria ni ziwa la namna nyingine. Ni pana, karibu kilometa za mraba 69,000, lakini ni kama sinia: kina chake hakifiki mita mia moja.

Mwaka 1996, Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza sakafu ya ziwa. Walituma mawimbi ya sauti chini ili kusoma matabaka ya mashapo, na wakazamisha mirija mirefu kuchota tope. Tope ni kama daftari: ya juu ni ya jana, ya chini ni ya kale. Waliposoma kurasa za chini waligundua kwamba ziwa halikupungua tu zama hizo. Lilikauka kabisa. Mahali ninapopapiga picha machweo kila nikienda nyumbani palikuwa nchi kavu. Maji yalirudi takribani miaka 15,000 iliyopita.

Tafakari hesabu hiyo. Miaka 15,000 kwa historia ya dunia ni kufumba na kufumbua. Wakati ziwa linajaa upya, binadamu kama sisi walikuwa wameshaishi Afrika Mashariki kwa makumi ya maelfu ya miaka. Yaani mababu wa mtu yeyote anayesoma makala hii walikuwa watu kamili, wenye lugha na ndoa na ugomvi wa mashemeji, kabla hata furu mmoja wa sasa wa Ziwa Victoria hajawa kama alivyo.

Mtu anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba hawakutoka kwingine, wakaja wakiwa tayari mia tano? Swali zuri. Jibu limo kwenye vinasaba. Mwaka 1990 Axel Meyer na wenzake walipima vinasaba vinavyorithiwa kwa mama katika furu wa spishi kumi na nne, wenye maumbo na vyakula tofauti kabisa. Waligundua kwamba tofauti baina ya samaki hao wote ni ndogo kuliko tofauti iliyopo ndani ya spishi yetu moja ya binadamu. Furu anayevunja konokono na furu anayemeza samaki wenzake ni ndugu wa karibu sana. Ni kama nyumba moja ambayo watoto wake wametofautiana kazi.

Hata hivyo hesabu haikukubalika kirahisi. Wengine walisema muda ni mfupi mno, haiwezekani. Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 2017, pale Joana Meier na wenzake walipoonyesha kwamba ukoo huu ulianza kwa mchanganyiko: samaki wa asili ya upande wa Kongo walikutana na samaki wa upande wa Nile ya juu, wakazaana. Watoto wao walibeba akiba kubwa ya tofauti za kale. Ziwa lilipojaa, furu hawakuanza na mtaji wa mtu mmoja. Walianza na urithi wa koo mbili. Kilichobaki kilikuwa kupanga upya karata zilizokuwa tayari mkononi.

Mchanga wa Nabugabo

Mchakato wenyewe unakwendaje? Kitabu cha shule kilitupa njia moja: kutengwa. Kundi moja linagawanywa na mto, mlima au bahari, kila nusu inabadilika kivyake, na zikikutana tena haziozani. Mfano wa njia hiyo uko Uganda, ukingoni mwa ziwa letuletu.

Upande wa magharibi, si mbali na Masaka, kuna ziwa dogo linaitwa Nabugabo. Zamani lilikuwa ghuba ya Ziwa Victoria. Mawimbi na upepo vikasukuma mchanga, mchanga ukawa tuta, tuta likafunga mlango. Umri wa tuta hilo unakadiriwa kuwa takribani miaka elfu nne. Miaka elfu nne tu. Piramidi za Giza ni za kale zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 msafara kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge ulikusanya samaki pale, na Ethelwynn Trewavas akawachambua. Miongoni mwa furu wa Nabugabo, spishi tano hazikujulikana ndani ya Ziwa Victoria kwenyewe. Walifanana na jamaa zao wa ng'ambo ya tuta, lakini madume walikuwa na rangi nyingine.

Shikilia hilo neno, rangi. Litarudi.

Najua kijiweni kuna atakayesema, "Lakini bado ni samaki tu!" Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na inachekesha kidogo. Ndiyo, bado ni samaki. Paka na simba nao wote ni jamii ya paka, ila sijamwona mtu anayefuga simba ili amkamatie panya. Hakuna anayedai kwamba furu alizaa bata. Dai ni dogo zaidi na zito zaidi: kwamba kundi moja linaweza kuwa makundi mawili yasiyooana tena, kila moja na mwili wake na maisha yake. Ukishalikubali hilo kwa miaka elfu nne, fikiria mwenyewe miaka milioni mia.

Pundamilia na Mwalimu

Sasa turudi Mwanza, maana huku ndiko kwenye fumbo gumu kuliko la Nabugabo. Furu wengi wa Ziwa Victoria hawatenganishwi na tuta la mchanga. Wanaishi maji yaleyale, mawe yaleyale. Mmoja hapa, mwingine mita chache chini yake. Ni nini kinachowazuia kuchanganyika?

Kuna furu wawili wa kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza ambao leo wanajulikana kwa wanabaiolojia dunia nzima. Wa kwanza jina lake la kisayansi ni *Pundamilia pundamilia*. Ndiyo, kwa Kiswahili chetu hikihiki; dume ana rangi ya bluu iliyofifia na mistari myeusi. Wa pili ni *Pundamilia nyererei*. Dume wake ana ubavu wa njano na mgongo mwekundu unaowaka. Alielezwa kisayansi mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka urais, na akapewa jina lake. Majike wa spishi zote mbili wamefifia rangi. Ukiwaweka pamoja utahangaika kuwatofautisha.

Ole Seehausen na wenzake walijiuliza swali la kimaisha kabisa: jike anamchaguaje mume? Mwaka 1997 walichapisha jibu. Anatumia macho. Kwenye tangi lenye mwanga wa kawaida, jike wa kila spishi alimpendelea dume wa kwao: wa bluu kwa bluu, wa mwekundu kwa mwekundu. Wakabadilisha taa, wakaweka mwanga wa rangi moja ya chungwa, mwanga ambao ndani yake bluu na nyekundu hazitofautiani. Majike wakapoteza uchaguzi. Wakawakubali madume wa upande wowote. Na watoto waliozaliwa walikuwa wazima, wenye uwezo wa kuzaa. Ukuta uliokuwa umezitenga spishi hizi mbili haukuwa kwenye damu. Ulikuwa kwenye jicho.

Mwaka 2008 ikaja sehemu ya pili. Katika ziwa letu, ukizama chini, mwanga wa bluu humezwa mapema, mwekundu ndio unaofika mbali. Kwa hiyo furu anayeishi juu anaogelea kwenye mwanga mmoja, na anayeishi chini kwenye mwanga mwingine. Watafiti walichunguza jeni ya kiungo cha jicho kinachopokea mwanga na wakakuta zimeachana: wa juu, jicho lake limeelekea bluu, wa chini, jicho lake limeelekea wekundu. Kila jike anavutiwa na dume anayeonekana vizuri pale anapoishi. Hakuna mlima wala mchanga uliowatenga. Kilichohitajika ni mita chache za maji, mwanga, na majike wanaojua wanachokitaka.

Utafiti huo ulifuata visiwa kadhaa vya ghuba, kuanzia kusini kwenye maji machafu hadi kaskazini kwenye maji maangavu. Kisiwani Makobe, kwenye maji maangavu, spishi mbili zimeachana kabisa. Kisiwani Luanso, ndani ya ghuba, ambako maji ni tope, hakuna spishi mbili. Kuna furu mmoja mchanganyiko. Ukipanda boti kutoka Luanso kwenda Makobe ni kama unafungua kitabu cha namna spishi zinavyotokea, ukurasa baada ya ukurasa: hapa hazijagawanyika, pale zinaanza, kule zimeshaachana. Kitu ambacho Darwin alidhani hakuna atakayekiona kwa macho, kipo. Nauli yake ni mafuta ya injini ya boti.

Ada yangu ya shule

Hapa ndipo historia inapogeuka kuwa yangu.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na miaka michache baadaye zikaingia nyavu za kutega. Ngege, samaki mtamu kuliko wote, akaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Waingereza walimtuma Michael Graham kupima ziwa. Alishauri matundu ya nyavu yasiwe madogo, na alionya pia kuhusu hatari ya kuleta samaki mkubwa mla-samaki kutoka nje. Lakini wazo halikufa. Kwa maofisa wa uvuvi wa kikoloni furu walikuwa samaki takataka: wengi mno, wadogo mno, hawauziki. Si bora aletwe mkubwa awale, awageuze kuwa minofu?

Mwaka 1954 sangara aliingizwa ziwani upande wa Uganda. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo hadharani. Mapema miaka ya 1960 wakaongezwa wengine. Kwa karibu miaka ishirini ilionekana kama hakuna kilichotokea. Huku Mwanza furu walikuwa bado takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio karibu na sakafu ya ziwa, na katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha kuwasaga wawe unga wa kulishia mifugo.

Kisha sangara akalipuka. Upande wa Kenya kufikia mwaka 1980, Uganda muda mfupi baadaye, na Ghuba ya Mwanza kati ya mwaka 1983 na 1987. Nilikuwa na miaka saba ilipoanza. Nakumbuka ndoano zilianza kurudi tupu. Nakumbuka beseni la furu wa tope lilikauka kwanza, tukaligeuza la kuoshea vyombo, na bibi akasema samaki wamehama. Hawakuhama. Inakadiriwa kwamba takribani spishi mia mbili za furu zilitoweka au karibu kutoweka katika miaka ile, nyingi kabla hazijapewa hata jina la kisayansi. Wanasayansi wameiita moja ya hasara kubwa zaidi za wanyama wenye uti wa mgongo katika zama zetu.

Wapo walioishuhudia kwa kalamu. Timu ya watafiti wa Kiholanzi ilikuwa Mwanza tangu mwaka 1977 kuwachunguza furu hawa. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu, *Darwins hofvijver*, kilichotoka kwa Kidachi mwaka 1994 na kwa Kiingereza mwaka 1996. Ni kitabu cha sayansi kinachosomeka kama simulizi la msiba: mtu anakuja kusoma namna spishi zinavyozaliwa, anaishia kuandika namna zinavyokufa, kila nyavu ikipandishwa ina furu wachache kuliko jana. Sijawahi kukutana nacho kwa Kiswahili. Inaniuma kidogo, kitabu kinachohusu sufuria yetu kusomwa Amsterdam na Boston, na Sengerema kisijulikane.

Lakini ngoja. Nisijifanye mtakatifu. Baba yangu alikuwa wakala wa sangara. Alikusanya mzigo kwa wavuvi, akaupakia kwenye barafu, akaupeleka viwandani Mwanza. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mabondo yakaenda Asia, na mapanki, vile vichwa na mifupa, yakabaki kwetu. Nyumba yetu ya bati ilijengwa na sangara. Daftari nililonakilia ndege wa Galápagos lilinunuliwa na sangara. Ada ya kidato cha nne mwaka ule wa 1994, ilikuwa sangara mtupu. Nilikaa darasani kujifunza ushahidi wa mabadiliko ya viumbe uliotoka ng'ambo ya dunia, na aliyenilipia ada ni samaki aliyekuwa anaumeza ushahidi wa nyumbani.

Sina namna ya kuipanga sentensi hiyo ili isinihusu. Nimejaribu. Bila sangara huenda nisingejua kusoma hata jina la *nyererei*. Pamoja na sangara, wengi ambao ningewasoma hawapo.

Maji yakichafuka

Tena sangara hakufanya kazi peke yake. Misitu ilikatwa, udongo na mbolea vikateremka, maji taka ya miji yakaingia, mwani ukastawi, maji yakapoteza uangavu wake. Ukikumbuka lile tangi la mwanga wa chungwa utaelewa hatari yake. Spishi iliyozaliwa kwa jicho inaweza kufa kwa tope, hata kama hakuna anayeila. Furu hawafi, wanaoana ovyo kwa sababu hawaonani, na vizazi vichache baadaye walikuwa wawili wanakuwa mmoja. Mlango uliofunguka kwa maelfu ya miaka unajifunga bila kelele. Darasani tulifundishwa mabadiliko kama ngazi ya kupanda. Ziwa linasema vingine: mabadiliko hayana ahadi.

Ila ziwa halikunyamaza. Sangara walipoanza kupunguzwa na wavuvi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kuonekana tena Ghuba ya Mwanza. Mmoja wao ni furu wa maji ya wazi, mla vijidudu, anayeitwa *pyrrhocephalus*. Frans Witte na wenzake walimlinganisha na ndugu zake waliohifadhiwa kwenye chupa tangu miaka ya 1970. Hakuwa yuleyule. Eneo la mashavu yake ya kupumulia lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu, sawasawa na mahitaji ya maji yenye hewa haba, na umbo la kichwa chake limebadilika. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 2008. Mabadiliko hayo yote yalitokea katika miongo miwili. Ni umri wa kijana anayemaliza chuo. Wakati mimi nabadilika kutoka mtoto wa ndoano hadi mtu mzima wa kompyuta, furu naye alikuwa anabadilika.

Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani. Bibi hayupo siku nyingi. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa juu ya jiwe lilelile, na kijiti na uzi. Akavuta furu, akamweka kiganjani. Nikamuuliza, "Huyo ni furu gani?" Akaniangalia kama mtu asiye na akili timamu. "Furu tu, mjomba."

Alikuwa jike, amefifia, shavu limevimba. Nikamwambia asimfinye. Samaki akafungua mdomo na vichanga vyake vikamwagika kwenye kiganja cha mtoto, kumi, ishirini, vidogo kama mbegu za mchicha, vyenye macho meusi. Furu hutamia mdomoni, nilikuwa nimesahau. Mtoto akapiga kelele, akainama haraka na kuzamisha mkono wake majini hadi kiwiko. Tukabaki pale tunaangalia, lakini maji yalikuwa ya kijani, na hatukuona walikoelekea.

Nikaenda jikoni kutafuta beseni la pili.